Mwanapili, Anayewashika Mkono Wanaopasuliwa

Saa mbili asubuhi, Mwanapili Suleiman ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya chumba cha kupasulia, anakunywa chai ya rangi. Macho yake ni mekundu. Mashuka aliyoyafua jana bado yananing'inia kwenye kamba. Hajapata mtu wa kuyaanua, na yeye mwenyewe hana nguvu ya kunyanyuka.

"Nimalize kikombe hiki tu," anasema. "Wakiniita nitakwenda."

Wanamwita kabla hajakimaliza. Sista anachungulia mlangoni, kitambaa cheupe kimemfunika pua na mdomo, anamwashiria kwa mkono. Kuna mama mwingine. Ana homa, anahema kama aliyekimbizwa, na mtoto aliye tumboni ameanza kuchoka.

Mwanapili anaweka kikombe chini, ananawa kwa sabuni hadi viwikoni, anajifunga kitambaa chake, anaingia.

Hii ni hospitali ndogo ya serikali, kati ya Diani na Msambweni. Tangu homa ya mafua inayozunguka dunia mwaka huu wa 1957 ilipofika Pwani, wodi ya wazazi haina kitanda kitupu. Watu wengi huugua siku chache wakainuka. Lakini wajawazito, hasa walio karibu kujifungua, baadhi yao huingiwa na nimonia, pumzi ikawaishia wakati uleule wa uchungu. Hapo daktari huona hakuna njia nyingine ila kumpasua mama, mtoto atolewe upesi.

Mwanapili si mkunga wala muuguzi. Ni mhudumu, aliyeajiriwa kufagia, kufua na kuchemsha vyombo. Alianza kazi hii baada ya mumewe, aliyekuwa seremala, kufariki. Ila kifua kilichojaa maradhi hakistahimili dawa ya kunusa ya usingizi, kwa hiyo daktari huwachoma akina mama hawa sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni mwili unakufa ganzi, lakini mama yuko macho. Anasikia kila neno, na mlio wa kila mkasi. Lazima mtu akae kichwani pake.

"Wa kwanza alitaka kushuka mezani," anakumbuka. "Alifumbua macho akaona watu wasio na midomo. Akapiga ukelele. Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Nikaliweka, nikavuta kitambaa changu chini, nikamwambia, 'Mwanangu, niangalie mimi. Mimi ni Mwanapili wa Galu.' Akanitazama. Akatulia."

Sista alimkaripia kwa kujivua kitambaa mbele ya mgonjwa. Daktari alisema mwacheni akae hapohapo. Tangu siku hiyo akina mama wote wanaopasuliwa wakiwa na homa hii hupita mikononi mwake, na bado mashuka ni yake, na sakafu ni yake.

Leo kazi haichukui muda. Mlango unapofunguliwa, kilio cha mtoto wa kiume kinasikika hadi barazani, na mama anapitishwa kwenye machela akikohoa. Mwanapili anatoka nyuma yao, anakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, anafunga macho.

"Huyu nina matumaini naye," anasema. "Lakini sijamwambia. Siwaambii tena."

Hapo zamani, yaani miezi michache tu iliyopita, kila aliyemwuliza kama atapona alimjibu kwamba atapona. Wawili aliowaahidi hivyo walikufa. Siku hizi huwauliza habari za kwao. Mpunga umekomaa? Paa limeezekwa lini? Nani alikufundisha kusuka mkeka? Anawaacha waseme hadi mtoto atoke.

Ndivyo alivyofanya kwa Jumwa. Na kisa cha Jumwa, anasema, ndicho kinachomwamsha hata akiwa amechoka namna gani.

Jumwa alikuwa mke kijana, Mduruma wa upande wa Taru. Mumewe, Ziro, alikuwa akikata miwa katika mashamba ya kusini, na yeye alikuwa amemfuata huko. Mama mkwe wake, Bi Kanze, alishuka kutoka Taru kuja kumpokea mjukuu wake wa kwanza. Alimkuta mkwewe amelala mkekani, mwili moto, uchungu umeshaanza.

Walipomfikisha hospitalini, daktari alimpima akasema apasuliwe. Aliyetumwa barazani kuwaeleza jamaa zake alikuwa Mwanapili, kwa kuwa lugha ya Kiduruma na ile ya kwao ya Kidigo ni ndugu.

"Mkwe wangu hakatwi," Bi Kanze alisema. "Mkimpasua hatazaa tena. Kwetu mwanamke anangojewa, hazalishwi kwa kisu."

"Mayo," Mwanapili alimwambia, akimwita mama kama wanavyoitana watu wa huko, "sina nguvu za kukudanganya. Ukikataa, naona tutawakosa wote wawili. Ukikubali, sijui. Na daktari naye hajui."

Ziro alikuwa amesimama kando, nguo zake zimejaa majivu ya shamba la miwa. "Apasuliwe," akasema. Mama yake aligeuka akautazama ukuta.

Ndani, kila Jumwa alipokohoa daktari alisimamisha mkono. Mwanapili alimshika kichwa kwa mikono miwili. Akamwuliza kwao wanachota maji wapi.

"Akaniambia ni mbali, na kwamba mama yake alikuwa akimbeba mgongoni na mtungi kichwani. Akaniambia habari za mbuzi mmoja mkorofi. Maneno mawili, kikohozi. Maneno mawili, kikohozi. Mara tukasikia mtoto. Nikamwambia ni msichana. Akacheka. Wallahi alicheka. Akasema, 'Aitwe Mbeyu, jina la mama yangu. Waambie.' Nikamjibu nitawaambia."

Hakuwaambia. Alitoka mle chumbani mifupa yote ikimuuma, na kabla ya jua kuzama alikuwa amelala kwa homa ileile. Bintiye, Chiku, alimpeleka nyumbani kwake Diani akamuuguza. Alipoweza kusimama na kurudi kazini, aliambiwa Jumwa amefariki, kifua hakikufunguka. Ziro na mama yake walikuwa wamekwisha kumpeleka mtoto Taru.

Mwanapili alijua desturi yao. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo alijua pia kwamba mtoto ameshaitwa Kanze.

"Nilijaribu kuliacha," anasema. "Nikajiambia, hayo ni mambo ya watu na ukoo wao. Chiku naye akanigombeza, 'Mama, ndiyo kwanza umeinuka. Unakwenda Taru kutafuta ugomvi?' Lakini kila nikimshika mwingine mkono, namsikia yule. Waambie. Na aliyesikia ni mimi peke yangu. Daktari hajui Kiduruma."

Siku aliyopewa ya kupumzika alipanda basi hadi Likoni, akavuka kwa feri, akapanda basi jingine la barabara ya Nairobi. Taru alishuka penye wauza mbuzi, akauliza njia, akatembea huku akipumzika kila palipokuwa na kivuli.

Alimkuta Bi Kanze mlangoni pa nyumba yake, anamnywesha mtoto maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Bi Kanze alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba. Wewe ni yule wa hospitali." Bi Kanze hakumkaribisha kiti. "Umeleta nini tena?"

Mwanapili alimweleza akiwa amesimama. Hakupamba neno. Bi Kanze alimfuta mtoto kidevu.

"Mtoto huyu ni Kanze. Tumeshamwita, na watu wamekula karamu ya jina."

"Najua, mayo. Sikuja kulibadili. Nimekuja kusema alichosema."

Ziro alikuwa amesikia, akatoka nyuma ya nyumba. Alimsalimu mgeni kwa heshima, kisha akauliza jambo ambalo Mwanapili hakulitarajia.

"Mimi alinitaja?"

Mwanapili anasema alitamani sana kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na hakuna ambaye angejua. "Lakini kama ningedanganya hilo, basi na lile la jina lingekuwa uongo," anasema. "Nikamwambia, 'Alimtaja mama yake, na maji, na mbuzi. Pumzi ilikuwa fupi, mwanangu.' Akaitikia kwa kichwa. Akaenda zizini akaanza kufunga fito ambazo hazikuwa zimelegea."

Bi Kanze alimpakata mtoto vizuri. Kisha akauliza kama Jumwa alilia. Mwanapili akamwambia hapana, alikohoa tu, na alipomsikia mtoto alicheka.

"Alicheka?"

"Alicheka, mayo."

Bi Kanze akampa mgeni mtoto amshike. Akaingia ndani, akatoka amebadili leso. "Twende," akasema. "Kwa Mbeyu si mbali. Bado hajamwona mtoto huyu."

Njiani ndipo Mwanapili alipoelewa. Tangu msiba ule nyumba mbili hizo hazikuwa zikisemezana. Mbeyu, mama wa Jumwa, alikuwa akisema mwanawe aliuawa kwa kisu, na kwamba wakwe ndio waliotoa ruhusa. Na Bi Kanze, aliyekikataa kisu kile hadi akageukia ukutani, hakuwahi kujitetea, kwa kuwa kujitetea kungekuwa kumsukumia mwanawe Ziro lawama zote.

Mbeyu alikuwa akitwanga. Alipowaona aliushika mchi, hakuutua wala hakuunyanyua. Bi Kanze hakungoja kukaribishwa. Alimtwaa mtoto kwa Mwanapili, akamweka mikononi mwa mwenzake, mchi ukaanguka.

"Mjukuu wako," akasema. "Kwangu ni Kanze. Kwako mwite kama alivyosema mwanao. Huyu mama hapa alimsikia."

Mbeyu alimwomba Mwanapili aseme upya, tangu mwanzo. Akasema. Akaombwa aseme tena. Alipofika kwenye habari ya mbuzi mkorofi, Mbeyu alicheka na kulia kwa pamoja, na Bi Kanze akaketi karibu naye kinuni.

Mwanapili aliombwa ajinyooshe mkekani wakati chakula kikipikwa. Alilala usingizi mzito, basi likapita, akalazimika kurudi siku ya pili. Sista alimkemea kwa kuchelewa kazini. "Alikuwa na haki," anasema. "Wagonjwa hawakungoja."

Sasa wanaoletwa wanapungua kidogo kidogo, ingawa daktari anaonya kuwa maradhi ya namna hii huweza kurudi. Mwanapili amemwomba sista wahudumu wengine wafundishwe kukaa kichwani, asiwe yeye peke yake. Amekubaliwa mmoja, msichana aitwaye Esha, ambaye siku ya kwanza alizimia na siku ya pili akarudi mwenyewe bila kuitwa.

Mipango yake mingine ni midogo. Anataka kuomba likizo aende kwao Galu alale. Anataka kupanda tena Taru mvua zikinyesha, amwone mtoto anavyotambaa, na asikie anaitikia jina lipi.

Na hospitalini?

Anafikiri, huku akijifunga kanga kiunoni ili ainuke.

"Nataka uzazi wa kawaida," anasema. "Mtoto atoke mwenyewe, na mama anigombeze kwamba uji hauna sukari."

Kisha anakwenda kuanua mashuka, maana upande wa Kwale mawingu yameanza kukusanyika.