Televisheni ya Chumba cha Nyuma

Walimwita Mama Funguo kwa ajili ya kile kishada cha funguo kilichomning'inia kiunoni, funguo za nyumba tatu ambazo mwenye nyumba, bwana mmoja mwenye haraka zake, alizikodisha kwa watu wa mapumziko. Kazi yake ilikuwa kuingia mgeni mmoja akitoka na kuondoka kabla mwingine hajafika. Mashuka, taulo, choo, sakafu, na mwisho kabisa televisheni. Bwana alikuwa na imani yake juu ya televisheni. Alisema mgeni atavumilia maji ya moto yasipotoka, atavumilia hata mende, lakini umnyime picha uone. Kila nyumba ilikuwa na moja kubwa sebuleni na moja ndogo chumba cha nyuma, na ndani ya mlango wa kabati alibandika karatasi ya maagizo: futa rimoti, jaribu betri, rudisha sauti kwenye kumi na mbili, na muhimu kuliko yote, ondoa akaunti ya mgeni. Maana watu husahau. Huingiza akaunti zao za filamu ili watazame walichozoea, kisha hufunga mabegi wakaenda zao, na kila walichotazama kimebaki wazi kwa yeyote atakayewasha.

Miaka sita Mama Funguo aliziondoa akaunti hizo bila kubakiza hata moja. Aliona mengi ya watu na hakumwambia mtu. Alikuwa mzito wa kusema, na uzito huo ndio uliomponza maishani.

Siku mumewe alipomfukuza mtoto wao wa pekee, yeye alikuwa jikoni akisikia kila neno, na hakutoka. Alikatakata vitunguu mpaka mlango wa nje ukafungwa. Kijana akabadilisha namba ya simu, akahamia mji ambao hakuutaja. Alirudi mara moja tu baada ya miaka minane, kumzika baba yake. Alimpa mama yake mkono kama anayeagana na karani, akakataa kulala nyumbani, akaenda kupanga mahali kwa siku mbili. Mama hakuthubutu kumuuliza wapi.

Alikuja kujua baadaye, kitambaa kikiwa mkononi. Aliwasha televisheni ya chumba cha nyuma katika mojawapo ya zile nyumba, na kwenye kioo likatokea jina la mwenye akaunti: Kibatari. Jina hilo alilitunga yeye mwenyewe, kwa mtoto aliyekuwa hapati usingizi mpaka aachiwe taa ndogo inawaka, na halikuwahi kutoka nje ya nyumba yao. Kwa hiyo mwanawe alilala hapa, kwenye kitanda hiki. Na mashuka alikwisha kuyatia majini.

Akaunti hiyo hakuiondoa. Mwenye kumlaumu na amlaumu, mimi simo.

Tangu hapo, kila akija kusafisha, aliwasha na kuangalia orodha iliyoonyesha Kibatari ametazama nini na ameishia wapi. Akikuta filamu ya ngumi imeachwa katikati, alishukuru, kwani anayepitiwa na usingizi mbele ya ngumi ni mzima na ana pa kulala. Kuna wiki mbili orodha haikusogea, naye wiki mbili chakula hakikumpita kooni. Kisha, mwaka wa pili, zikaanza katuni. Sungura wa buluu, kipindi kile kile mara tano. Hakuna mtu mzima mwenye akili zake anayemtazama sungura wa buluu mara tano. Mama Funguo alijifunika uso kwa kitambaa cha vumbi akalia, furaha na uchungu pamoja, kwa sababu alikuwa na mjukuu na hakujua hata kama ni wa kike au wa kiume.

Ili wageni wasiichezee akaunti ile, rimoti ya chumba cha nyuma aliitia mfukoni na kwenda nayo nyumbani. Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Wageni watatu walilalamika, na bwana hakutaka maneno mengi.

"Mama Funguo, ile ya nyuma imechoka," alimwambia kwa simu. "Jumatatu fundi anakuja kuitoa. Naleta mpya."

"Haijaharibika, bosi."

"Sasa mbona wageni wanasema haiwaki?"

Aliigusa rimoti mfukoni. Televisheni mpya ingedai neno la siri la Kibatari, na neno hilo hakuwa nalo.

Ijumaa aliingia chumba cha nyuma kabla hata ya kushika ufagio. Alijua kwamba ndani ya akaunti moja mtu anaweza kuongeza jina jingine, na mwenye akaunti atalikuta kokote anakofungulia. Alijua pia kwamba Kibatari akiona jina geni atadhani ameingiliwa na mwizi, afunge kila kitu, na hata hizo siku tatu zilizobaki zipotee. Alichagua herufi moja moja kwa rimoti, akakosea mara mbili, akafuta, akaanza upya: Mama. Televisheni ikauliza kama ahifadhi. Alifikiri sana, akaogopa sana, kisha akabonyeza.

Jumatatu fundi alifika na ngazi na bisibisi, mtu wa makamo mwenye kitambi na mzaha.

"Mama, unaiaga kama ndugu," alimtania, alipomkuta anaiwasha.

Majina yalikuwa yakijitokeza kwenye kioo. Kibatari lilikuwepo. La pili nalo lilikuwepo, ila halikuwa lile aliloliandika yeye. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Hebu nisomee hapo, la pili."

"Hapa? Pameandikwa Bibi." Fundi alimgeukia. "Bibi ndiye nani?"

"Ni mimi," alisema Mama Funguo, akaketi kitandani, na fundi akaanza kulegeza skrubu.