Karani na Maswali ya Ng'ambo

Karani wa ofisi ya intaneti pale Ukunda huchapa kwa vidole viwili, na kila swali la kampuni ya ng'ambo hulisoma polepole, kama daktari. Barua pepe ya kampuni hiyo ni ya bure, ila kuifungua lazima ujibu maswali yake. Anajua majibu ndiyo yanayouzwa kwa wenye matangazo. Jumatatu Mama Mwinga alitaka anwani ya barua pepe, ili binti yake aliyeko Ujerumani amwandikie.

"Unapenda kununua nini, mama?"

"Hata aliyenioa hakuniuliza hayo!"

Wakafika penye idadi ya watoto.

"Watoto hawahesabiwi, mwanangu. Wataka nimzike mmoja?"

"Bila jibu mashine haiendi mbele."

"Basi niache."

Mama akainuka. Vidole vya karani vikasita, kisha akaandika tatu, idadi ya wanawe mwenyewe.

"Keti, mama. Imekubali."