Nyumba Aliyoijenga Tom

Sauti ambayo Beldina hakuisahau ni ya mwiko wa mumewe Tom ukigonga matofali, ti, ti, ti, alipokuwa akiijenga nyumba yao pale Kisian. Tom alipofariki, Beldina alikataa kurithiwa na shemeji yake, Calvince. Mila haimruhusu mjane asiyerithiwa kuikarabati nyumba ya marehemu, na hakuna fundi wa kijijini aliyethubutu kumfanyia kazi hiyo. Ufa ulianzia chini ya dirisha, ukapanda mwaka baada ya mwaka hadi ukafika kwenye paa.

“Ungenikubali, shemeji, ungekuwa na ukuta mzima,” Calvince alimtania kila alipopita.

“Na wewe ndani yake? Heri ufa.”

Juzi afisa wa kaunti alikuja, akachora X nyekundu mlangoni. Nyumba ni hatari, alisema. Sheria inamtaka mwenyewe aitunze, la sivyo ibomolewe. Itabomolewa Jumatatu.

“Mama, mbona uliitelekeza miaka tisa yote hii?” afisa aliuliza bila ukali.

Beldina aliitazama rangi ikichuruzika. Mkononi alikuwa na ufagio.

“Sikuitelekeza, mwanangu,” alisema kwa sauti ya chini sana. “Niliruhusiwa kufagia tu. Nimefagia.”