Nyumba ya Newala Kwenye Kioo Kikubwa

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba. Chumba changu cha kazi kipo Masasi, nyuma ya soko, na dirisha lake linatazama milima ya mawe. Ndani mna meza, viti vya wateja, printa, na kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu. Ina kioo kikubwa, kibodi iliyofutika baadhi ya herufi, na boksi lake chini ya meza linanguruma kama mtu mwenye mafua. Programu ya kuchorea iliyomo ndiyo ile niliyojifunzia chuoni. Mikono yangu inaijua kiasi kwamba naweza kuchora huku nazungumza na mteja.

Miaka hii roho yangu imekosa utulivu, na sababu ni hiyohiyo kompyuta. Zamani mteja alikuja na maneno tu: nataka sebule kubwa, nataka choo cha ndani, mama mkwe awe na chumba chake. Tukakaa tukachora. Sasa wanakuja na nyumba imeshachorwa, ipo kwenye simu. Mtu anapangusa kioo kwa kidole, nyumba inazunguka, ina bustani, ina gari jeusi mlangoni. "Dada, nitolee hii kwenye karatasi." Namtolea, anaondoka. Basi nikawa nakaa, nasimama, nafagia chumba nilichokwisha kukifagia, natoka mlangoni natazama bodaboda zinavyopita, narudi kukaa.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mitihani ya wanafunzi wake anaitunga kwenye simu, amejilaza kwenye kochi. Akaniambia kwa nia njema kabisa:

"Iuze hiyo mashine wakati bado inawaka. Nunua simu nzuri, uchore popote ulipo."

"Nitachoraje nyumba nzima kwenye kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni?"

"Wenzako mbona wanachora?"

Kilichonisumbua ni kwamba sikujua kama naitetea kazi yangu au nautetea uvivu wa kujifunza kitu kipya. Kuna siku niliizima mchana, nikaifunika kwa khanga, nikasema sasa basi. Jioni nilikuwa nimeiwasha tena bila kazi yoyote, nafungua ramani za zamani moja baada ya nyingine, nazitazama tu.

Katika hali hiyo ndipo akaja mama mmoja kutoka Newala. Alikuwa mkunga, amestaafu, mwembamba, na amenyooka kama bado amevaa sare.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayetoa ramani kwenye karatasi kubwa."

Nilijua kinachofuata. Akatoa simu. Mwanawe wa kiume, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amemchorea nyumba kwa programu ya simu. Ilikuwa nyumba nzuri, na nasema hivyo bila kinyongo. Kuta nyeupe, madirisha marefu, paa limefichwa nyuma ya kuta kama wanavyopenda siku hizi, mtu akisimama mbele haoni bati hata moja.

"Maji ya mvua yataelekea wapi, Mama?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa hilo. Newala si mahali pa kuuliza swali hilo kwa mzaha. Watu wa kule wanaishi juu, mabonde yote ya maji yapo chini yao, na bomba likitoa maji leo hakuna anayeapa kwamba litatoa kesho. Bati la nyumba ndiyo mto wao.

"Mimi nimebeba ndoo kichwani tangu sijavunja ungo," alisema. "Nimezalisha wanawake kwa maji ya kupimiwa kwa kikombe. Nataka kisima cha mvua, kikubwa, chini ya ardhi. Nimemwambia mwanangu, akasema tutaongeza baadaye."

Akampigia palepale, akaniwekea simu sikioni. Kijana alikuwa na adabu, ila alikuwa na haraka.

"Dada, wewe printi tu. Kisima fundi atatafuta mahali."

"Kisima kinaanza na paa, kaka. Paa likikosewa, kisima kitabaki shimo."

"Sawa. Chora unavyoona, halafu tutazungumza."

Mama akaniachia vipimo vya kiwanja alivyopimiwa na fundi, na kwa simu yake akanitumia zile picha za nyumba. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikaa kwenye kiti nikasahau kusimama. Niliichora upya nyumba ya kijana, ukuta kwa ukuta, nikaacha sura yake ya mbele kama alivyotaka. Paa nikalilaza kuelekea nyuma, gata moja ndefu ya kupokea maji, na kisima nyuma ya jiko. Kwenye kioo kikubwa niliweza kuona nyumba yote kwa pamoja, msingi, paa na njia ya maji, bila kufunika kimoja ili nione kingine. Nilifurahi. Nikamtumia mama picha.

Akanipigia siku ya pili. "Mwanangu, mimi naona. Tatizo ni mzee."

Mume wake alikuwa haoni vizuri. Mtoto wa jicho, jicho moja limefanyiwa upasuaji na jingine linasubiri. Simu akiwekewa mbele ya uso anaona mwanga tu. Nyumba inajengwa kwenye kiwanja cha ukoo wake, yeye ndiye atakayeshinda humo kutwa, na hakuwa ameiona hata mara moja. Kila wakimsimulia alijibu, "Jengeni, mimi nani."

"Hiyo televisheni yako kubwa haibebeki?" mama akauliza.

Nilicheka, kisha nikaona hatanii.

Mume wangu alinisaidia kuifunga. Kioo tulikiviringishia godoro la mtoto, boksi tukalitia kwenye beseni lenye matandiko. Alikuwa anatikisa kichwa muda wote. "Kompyuta inakwenda kutembelea wagonjwa," alisema. Nilipanda gari la abiria, nikakaa mbele na kioo mapajani. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea uwanda wa juu wa Newala nilikuwa naomba kila tuta tulipite polepole, na dereva akaniuliza kama nimebeba mayai.

Newala kulikuwa na baridi na upepo. Mzee alikuwa amekaa sebuleni kwenye nyumba yao ya zamani, amevaa koti. Nikamsalimia, akaitikia akiitafuta sauti yangu. Nikapanga vitu juu ya meza ya chakula, nikawasha, na nikaomba moyoni isinizimikie pale mbele za watu. Ikanguruma, ikawaka.

Nikaikuza nyumba mpaka ikajaza kioo. Kuta nikazipaka rangi nzito ya bluu, milango nikaifanya ya njano, ili macho yake yashike kitu. Mkewe akamsogezea kiti hadi magoti yakagusa meza. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande wa lile jicho zuri. Kisha akanyoosha kidole, akagusa kioo.

"Hapa ni mlango?"

"Mlango wa mbele, Baba."

"Na mimi nalala wapi?"

Nikamwonyesha. Akauliza chooni ni mbali kiasi gani, nikampimia palepale, akasema ni mbali, nikausogeza mlango wa chumba akiwa anaangalia. Alipoona ukuta umehama alicheka kwa sauti. "Umesogea! Mama, umeona? Umesogea!" Mkewe akageuka kutazama dirishani. Niliona anafuta uso kwa ncha ya khanga.

Mwanawe akapiga simu ya video katikati ya mambo hayo. Mama akaielekeza simu kwenye kioo changu, kijana akaitazama nyumba yake ilivyofanywa. Aliipenda. Aliuliza jambo moja tu: kisima kipo umbali gani kutoka mlango wa jiko, maana hataki mama yake achoke kutembea na ndoo.

"Toka nje Mama," alisema, "nenda nayo kiwanjani, nionyeshe kitakapokuwa."

Kiwanja kilikuwa palepale, nyuma ya nyumba ya zamani. Mama akatoka na simu, mimi nikamfuata nikiwa na karatasi yangu ya vipimo. Tukaanzia kwenye vigingi vya fundi, tukahesabu hatua, nikamwambia hapa ni jiko, twende tena, hapa ukingo wa kisima. Tulikuwa chini ya mkorosho mkubwa, na mabibo yaliyoanguka yalinukia tamu. Mama alikuwa anatazama simu. Mimi nilikuwa natazama karatasi.

"Mama usisogee," sauti ya kijana ikasema. "Hapo si kwa Bibi?"

Tukainamisha macho. Kati ya majani makavu palikuwa na ukingo wa saruji, mfupi, umepasuka, na msalaba mdogo ulioegemea upande. Aliyezikwa pale ni mama mzazi wa mzee, bibi yake kijana. Nilikuwa nimemchorea shimo.

Mkunga aliweka mkono kifuani. Yeye mwenyewe anapapalilia pale kila mwaka, anajua kila jiwe, lakini kwenye picha ya ramani hakupatambua, na fundi alipokipima kiwanja alipima pembe zake tu. Kwenye kompyuta yangu pale mahali palikuwa peupe. Hapakuwa na mkorosho wala kaburi. Nilikuwa nimetamba na kioo changu kikubwa wiki nzima, na kilichotuokoa ni simu mkononi mwa mama, na mtu aliyekuwa Dar es Salaam akatambua mahali alipofundishwa kusali utotoni.

"Samahani sana, Mama," nikasema.

"Hukujua, mwanangu. Bahati fundi hajaja na sururu."

Tulirudi ndani. Mzee alipoambiwa akauliza, "Mama yangu mmemwacha salama?" Tukamwambia yuko salama. Basi, akasema, tuendelee.

Tukaanza upya wote wanne, watatu mezani na mmoja kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya chai. Pembeni hapakutosha. Mahali palipobaki ni mbele, chini ya kibaraza. Lakini kisima kikiwa mbele, paa lazima lishuke mbele, na sura yote aliyoipenda kijana inaondoka. Nikalilaza paa wakiangalia. Bati likaonekana.

Kijana aliitazama kwa muda kwenye simu yake.

"Inakuwa kama nyumba ya kawaida," alisema mwishoni.

Mzee alikuwa amesogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. "Hapa ndipo kibaraza? Na maji yapo chini yake?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo mimi nitakaa juu ya maji." Akacheka tena kile kicheko chake. "Newala hii, mtu anakaa juu ya maji!"

Kwenye simu kijana naye akaanza kucheka, bila kupenda. "Haya. Baba akishataka, basi."

Nyumba ilianza kujengwa mvua za mwaka ule zilipokwisha. Nilikwenda kuitazama msingi ukiwa umefika magotini. Karatasi zangu kubwa, nilizozitoa kwa uangalifu na kuzifungia kwenye mfuko wa nailoni, fundi alikuwa ameziacha nyumbani kwake. Alizipiga picha. Alikuwa amesimama juu ya tofali na simu mkononi, anaivuta ramani yangu kwa vidole viwili, anasoma kipimo, anapaza sauti kwa wenzake, anairudisha simu mfukoni na vumbi lake. Nilitaka kukasirika. Nikapima kuta, zote zilikuwa sawasawa.

Nikarudi Masasi nikiwa vilevile, sijui nishike lipi. Sasa nina programu ya kuchorea kwenye simu, nimejifunza, na siku hizi siweki mstari kabla ya kwenda kiwanjani kukipiga picha kila upande. Kompyuta sijaiuza. Wapo wateja wanaonipita wakienda kwa mwenzangu mwenye simu tu, na siku kama hizo bado nasimama, natoka, narudi. Mume wangu ameacha kuniambia niuze, ila akipita chumbani huliangalia lile boksi linavyonguruma kisha huniangalia mimi.

Mvua ya kwanza ilipoanguka Newala, mkunga alinitumia ujumbe wa sauti. Nilidhani kuna tatizo, nikaufungua haraka. Hakusema neno. Ilikuwa sauti ya maji yanaingia mahali penye kina, na nyuma yake mzee anaongea kwa furaha na mtu ambaye sikumtambua. Niliusikiliza nimesimama mlangoni. Nikamsikilizisha na mume wangu alipotoka shule.

"Kwa hiyo?" akauliza, akilitazama lile boksi chini ya meza.

"Sijui," nikamwambia, na nikaenda kufunga dirisha, maana wingu lilikuwa limeshafika juu ya milima yetu pia.