Wino wa Kidole

Muhonja, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuwa amepanda ngazi za magorofa ya mtaa wa Huruma tangu asubuhi, na magoti yalikuwa yakimtukana. Kwenye mlango wa mwisho, Kasiva alimkumbatia mwanawe, akamwambia Muhonja:

“Mama Annah, mpake tu wino kidoleni waone amechanjwa. Hayo matone ya polio mwaga. Si hata kwa kura walitupaka wino? Tulipata nini?”

“Kwani mimi huniamini?”

“Wewe nakuamini sana. Waliokutuma ndio siwaamini.”

Hata Muhonja mwenyewe hakuwaamini. Aliamini dawa tu. Akafunga chupa, akaandika mlangoni kwa chaki: hajachanjwa. Kabla hajamaliza kushuka ngazi, akasikia kitambaa kikifuta chaki mlangoni.