Antena Iliyosikika Ikiwa Imelala

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyosimama ukingoni mwa Nile hapa Juba, testa ya kupimia umeme mkononi, kichwa kitupu kama debe. Cheka tu, siku ile mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wakiniambia atangaye na jua hujua, huwajibu kwamba mtembezi hula miguu yake, kisha najimiminia chai. Nilikuja kutoka Kitale na cheti changu cha kidato cha nne, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio mtaani Kator, na kama si Keji ningekuwa bado nimejikunyata humo.

Keji alikuwa mchumba wangu, mkunga katika zahanati moja kule Gurei. Kesho yake alitakiwa kushuka mto kwa mashua ya baba yake, amlete mjini mama mmoja wa kisiwani ambaye mtoto alikuwa amemkaa vibaya tumboni. Mashua ile hushuka kwa nguvu ya maji na kurudi kwa tanga, upepo wa kaskazini ukiwa mgongoni. Kisiwani simu haishiki. Baba yake, Mzee Lado, alikuwa amekata neno: redio ya mashua ya kuitana na zahanati isiposikika, binti yake haendi. Kazi ya kufunga antena juu ya mlingoti nikapewa mimi, bwana harusi mtarajiwa.

Mlingoti wenyewe hulazwa kila mashua inapopita chini ya daraja. Mimi mwoga wa kupanda hata ngazi, nilishukuru Mungu. Nikaifunga antena mlingoti ukiwa chini, nikautelemsha waya hadi kwenye redio, nikamwita Keji zahanati, ambako antena yao iko juu ya tangi la maji.

"Nakusikia," akasema, "ila ni kama una ugali mdomoni."

Nikajipongeza. Tukausimamisha mlingoti, mimi na Mzee Lado. Nikaita tena. Kimya.

Sasa hapo, mwanangu, mtu ashike lipi? Antena ikienda juu ndivyo inavyosikika mbali. Yangu ikienda juu ilikufa. Tukailaza: Keji huyo, na ugali wake. Tukaisimamisha: kimya. Nikabadilisha betri. Nikalishuku daraja kwa kuwa ni la chuma. Nikawashuku viboko, nao hata hawakunigeukia. Nikaulaza mlingoti, nikaupima waya, testa ikasema mzima. Nikaipima antena, testa ikasema jambo ambalo hadi leo sijalielewa. Jua likapanda, nami bado nainama na kuinuka kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

Mwishowe nikatoa wazo la msomi. "Mzee, safirini mlingoti ukiwa umelala."

Mzee Lado alinitazama kwa huruma. "Na tanga nafunga wapi, ya jena? Kwa shingo yako?" Ya jena, yaani wewe mtoto, na nilikuwa na ndevu. "Sikia. Wewe iko napima mgonjwa akiwa amelala. Anakwambia hajambo, unafurahi, khalas, basi. Lakini ugonjwa yake ni ya kusimama! Panda juu, angalia yeye akiwa kazini."

Nikapanda. Kamba kiunoni, macho nimeyafumba, nikisali sala ambazo sikujua kama ninazijua. Nilipofumbua, nikaona. Waya wote, tangu kileleni hadi chini, ulikuwa unaning'inia kwa kichwa chake kidogo kilichoingia kwenye antena. Hakuna mahali pengine nilipokuwa nimeufunga. Mlingoti ukisimama, uzito ulikichomoa kiuzi cha shaba kilicho ndani ya kichwa hicho; ukilala, kilirudi mahali pake na kujifanya hakina neno.

Tukaushusha. Nikatia kichwa kipya, nikaufunga waya kwenye mlingoti kwa kamba, hatua kwa hatua, ili mzigo ubebwe na mti na si uzi. Tukausimamisha, nikaita.

"Nakusikia vizuri," Keji akasema. "Hata unavyohema. Kwani umefanya nini?"

"Nimepanda mlingoti."

Kimya. Moyo ukanilipuka: imekufa tena!

"Wewe?" akauliza.

Kesho yake aliondoka. Mimi nilikaa Gurei kando ya redio ya zahanati, na mchana sauti yake ikaja: "Tumempata. Tunarudi, upepo ni mzuri. Wekeni gari tayari." Gari lilingoja mtoni. Mama akajifungua salama, ila yule mtoto amekaa vibaya mpaka leo. Ni fundi mtundu mno, namfundisha kazi.

Basi nisikilize, mwanangu. Usimpime rafiki, mchumba wala wewe mwenyewe wakati wa kulala na kushiba. Kila mtu husikika akiwa amelala. Pima mzigo ukiwa begani. Na nyumbani kwako tazama ni nani anayening'iniziwa uzito wote huku akisema hajambo, kwa maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mfungie kamba kabla hajachomoka. Mungu akupe mlingoti wa kuegemea, upepo wa kukurudisha kwenu, na popote utakapoita, awepo wa kuitika.