Netiboli ya Kimya

Mimi nina sauti kubwa, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nimekulia kijijini Choma, kwenye nyumba ya wafuga ng'ombe, na ukitaka ng'ombe aliye ng'ambo ya mbuga akusikie, hunong'oni. Basi nilipofika Tabora kusomea ualimu, miaka ile ya Ujamaa, jioni ya kwanza nikaenda uwanjani kujaribu bahati yangu kwenye timu ya netiboli. Nikaona niko peke yangu, mpira uko kwa mwenzangu, nikapaza sauti: "Hapaaa! Nipe hapa!" Wasichana wote wakasimama. Mkufunzi wa michezo, mwanamke mfupi mwenye gauni refu, kanga kiunoni, filimbi shingoni, akanitazama juu mpaka chini.

"Binti," akasema, "hapa hatuchungi."

Walicheka, jamani, wengine mpaka wakakaa chini. Nilikasirika nusura nirudi bwenini nifungashe. Sijui nini kilinizuia. Nilibaki, na ndivyo nilivyoingia mikononi mwa yule mama.

Chuo kizima tulimwita Mama, hata wakufunzi wanaume waliomzidi umri. Alikuwa mtoto wa mjini, kwao Mtendeni, baba yake fundi cherehani. Hakuwa na mume wala mtoto, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Netiboli yake ilikuwa ya kimya. Alisema ukiita mpira, umemwambia na adui yako uko wapi. Wakati wa mazoezi alikaa kwenye kigoda ametupa mgongo, anasikiliza tu. Mpira ukipiga kiganja "pa!", alisema "Rudia" bila kugeuka. Alitaka tuupokee kama mtu anavyopokea mtoto mchanga aliyelala. Na miguu nayo isisikike. Wewe ndiye umsikie mwenzako anakanyaga wapi. Weee! Mimi, mtoto wa Choma, nilirudia mpaka viganja vikachubuka.

Lakini nilijifunza, na niliyojifunza hayajanitoka. Mpaka leo nikiwa kituo cha basi, Nzega au Igunga, nikamwona mwanamke mtu mzima anarushiwa furushi kutoka juu ya basi analidaka bila sauti, namsogelea. Namuuliza, "Dada, wewe ulipita kwa Mama?" Mara nyingi amepita. Tunashikana mikono pale pale, basi linapiga honi, kondakta anatukana.

Wapinzani wetu walikuwa chuo cha wauguzi, upande wa pili wa mji. Watu husema michezo ni urafiki. Labda kwingine. Wao walituita Chaki, sisi tuliwaita Sindano. Mwenzetu akipata malaria alikwenda hospitali akiwaogopa wale wanafunzi kuliko homa yenyewe, maana wakijua umetoka kwetu walikuchagulia sindano butu, wakakuchoma taratibu huku wakikuuliza habari za mechi. Mimi nilichomwa, nikakaa upande siku kadhaa. Na sisi hatukuwa malaika. Kwenye gwaride la sikukuu tuliimba nyimbo za chama vizuri kabisa, tukifika mbele yao tunabadilisha maneno. Maneno yenyewe siyaandiki, nina wajukuu. Na kila Saba Saba tukikutana nao kugombea kikombe cha mkoa, tuliwafunga. Tangu Mama ashike timu ile, hawakuwahi kutushinda.

Nikiwa mwaka wa pili, mkuu wa chuo alisimama mbele yetu asubuhi akatangaza kwamba Mama anahamishiwa chuo cha wauguzi, ofisi ya mkoa imemtuma akajenge michezo kule, kwa manufaa ya taifa. Siku zile ukishaambiwa manufaa ya taifa, mjadala umekwisha. Lakini kwa Sindano? Nilihisi nimepigwa kofi. Jioni tukamkuta anapakia vitu vyake kwenye mkokoteni, kitanda na sanduku na kile kigoda, tukamzunguka tunalia kama msibani. Yeye hakulia.

"Nimetumwa, naenda," alisema. "Ninyi fanyeni mazoezi." Akafuata mkokoteni wake.

Timu akapewa mkufunzi wa kilimo. Mtu mwema sana yule baba, Mungu ampe heri, lakini netiboli aliijua kama mimi ninavyozijua meli. Alikuja uwanjani na kofia yake ya shambani, akatuambia tuongeze bidii, akaenda kuangalia karanga. Tukajifundisha wenyewe. Kila jioni mmoja wetu aliupa uwanja mgongo, akasikiliza, akasema "Rudia."

Wazo la kumrudisha Mama lilikuwa langu. Tulikuwa shamba la chuo tunapalilia, nikasimamisha jembe, nikamwambia nahodha, msichana mrefu, mpole, wa Kigwa: "Wale wamemchukua ili wapate kikombe, si ndiyo? Sasa tukiwafunga yeye akiwa kwao, watamtaka wa nini? Si watamrudisha?"

Akafikiri. "Inawezekana," akasema.

Jioni ile bweni zima lilikuwa linajua. Baada ya wiki hakukuwa na aliyesema inawezekana, walisema itakuwa, kana kwamba mkuu wa mkoa ameshatia sahihi. Tukila, tukifua, tukichota maji, ni kuwafunga ili Mama arudi. Wengine walitaka kikombe pia. Mimi kikombe sikukijali. Nilimtaka yule mama arudi, nilimpenda, na sioni haya kusema.

Saba Saba ikafika. Uwanja ulijaa wafanyabiashara wa mjini na kofia zao za kushona, wakulima walioletwa na malori kutoka vijijini, watoto juu ya ukuta. Mama alikuwa upande wa wauguzi, kanga kiunoni kama zamani. Tukaenda kumwamkia tumejipanga mstari.

"Shikamoo Mama!"

"Marahaba wanangu. Mmekula?"

Tukasema tumekula, ingawa mimi sikuweza kumeza kitu tangu asubuhi.

Mechi ikaanza, na hapo ndipo watu wa Tabora walipoona jambo. Timu zote mbili zilicheza kimya. Mpira unakwenda mkono kwa mkono, husikii mpira, husikii mguu, husikii mtu. Mzee mmoja nyuma ya mstari akauliza kwa sauti, "Hawa wamefiwa?" Watu wakacheka, wakanyamaza tena. Mimi nilikuwa mfungaji. Mlinzi wangu, binti mwembamba wa uuguzi, alinikaa mgongoni kama mbeleko. Nikigeuka yupo. Nikijifanya naenda huku, ameshanisikia nakwenda kule. Kila hila tuliyokuwa nayo waliijua, maana aliyetupa sisi ndiye aliyewapa wao. Mapumziko yakatukuta tumeachwa nyuma.

Mkufunzi wa kilimo akaja na ndoo ya maji. "Msikate tamaa," akasema, "mvua bado ipo." Loo, nilitamani nimmwagie ile ndoo. Nikamgeukia nahodha.

"Tupige kelele," nikasema.

Wote wakanitazama kama nimetukana dini.

"Mama yupo pale," nahodha akasema. "Atatusikia."

"Atusikie. Tunamtaka, hatumtaki?"

Alitazama upande wa wauguzi, akatazama viatu vyake. "Haya," akasema. "Anza wewe."

Nikaanza. Filimbi ilipolia tu nikakimbilia kushoto nikiita kwa sauti yote ya Choma: "Hapaaa! Nipe hapaaa!" Mlinzi wangu akanifuata, na mwingine naye akanifuata, kwa mshtuko nadhani. Nahodha akautuma mpira kulia kwa mwenzetu aliyekuwa amesimama peke yake. Goli. Tukaita tena, wote sasa, kila mmoja anaita, hata asiyeutaka mpira. Watazamaji nao walikuwa wamechoka na ule ukimya, wakalipuka, vigelegele, madebe, mluzi. Wauguzi hawakusikia tena miguu yetu. Wakaanza kugongana wenyewe kwa wenyewe. Nikamwona Mama amesimama anawaambia watulie, mdomo unakwenda, sauti haifiki. Tangu nimjue sikuwahi kumwona amepaza sauti.

Tuliwafunga kwa goli moja la mwisho, nililofunga mimi. Uwanja ukaingiliwa, tukabebwa juu juu, tukashushwa. Nahodha alipokwisha kupokea kikombe nilikipokonya mikononi mwake, nikakimbia nacho mpaka kwa Mama. Alikuwa anakusanya mipira kwenye wavu.

"Mama, tumeshinda!"

"Nimeona. Hongereni."

"Umekasirika kwa kelele?"

"Nimekasirika ndiyo," akasema. "Si mchezo wangu ule. Lakini ukishinda, umeshinda."

"Basi sasa utarudi!"

Akaacha kufunga wavu. "Nani kakwambia?"

Nikamweleza yote, jembe, bweni, kwamba wauguzi wakifungwa watamwachia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akashusha pumzi, akakaa kwenye benchi lao, akanivuta mkono nikae naye.

"Hakuna wa kuniachia," alisema. "Mimi nilitumwa mpaka Saba Saba. Wiki iliyopita ofisi ya mkoa wakaniuliza, nikasema narudi kwangu. Jumatatu hii inayokuja nilikuwa nilete vitu vyangu kwenu."

Nikaruka. "Si ndiyo hivyo! Unarudi!"

"Narudije? Hebu watazame."

Nikatazama. Walikuwa wamekaa chini nyuma ya benchi, kwenye vumbi, na sare zao nyeupe. Wanalia. Yule mlinzi wangu mwembamba alikuwa ameinamisha kichwa magotini, mabega yanatikisika.

"Hawa wangeshinda, ningewaaga leo leo kwa amani," Mama alisema. "Nimewafundisha kitu kimoja tu. Wamekifanya kama nilivyosema, hawakukosea hata kidogo, na wamefungwa nacho mbele ya mji mzima. Niwaache hivyo, nihamie kwa waliowafunga? Siwezi, binti. Kesho nitaiambia ofisi nabaki."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka wawafunge ninyi."

Nilimshika kanga, nikamwambia basi tutacheza tena, kesho, wiki ijayo, tutawaachia, tutafungwa makusudi. Akanitoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja. Alisema wale watajua, nami ningejua, na asisikie tena neno hilo. Kisha akainuka, akaenda kuchuchumaa katikati yao. Akamfuta yule binti mwembamba machozi kwa ncha ya kanga, akamwambia kitu, yule binti akaegemeza kichwa begani kwake.

Wenzangu walikuwa wanakuja mbio kuvuka uwanja, wameshatunga wimbo kwamba Mama anarudi nyumbani, wanaupiga na makofi. Nahodha alitangulia, jasho linamtiririka, anacheka.

"Amesemaje?" akaniuliza. "Anarudi lini?"

Nikamrudishia kikombe. "Tungefungwa," nikamwambia, "Jumatatu angekuwa kwetu."